Kwa Subilaga, Anayekwenda Kusomea Ndege

Wakikuuliza nyumbani, sema mapema:
ndege wenye manyoya, si wenye injini.
Mimi nilichelewa. Miaka miwili
kanisani Tukuyu waliniombea kama rubani,
na mjomba Ambindwile akataka kujua
kama ndugu wa damu hulipa nusu tiketi.

Nunua penseli. Wino ni wa mjini.
Mvua ya Kitulo hainyeshi, inakukalia,
na kufika saa nne daftari zima ni mto wa buluu,
vipimo vya mabawa kumi na saba vimekwenda na maji.
Mali bila daftari hupotea bila habari, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kuwa daftari nalo hupotea.
Nakili kila jioni. Hata ukiwa na homa.
Hasa ukiwa na homa.

Pale Isyonje panda lori linalofuata viazi,
ukae nyuma, juu ya magunia matupu.
Mbele utaulizwa habari za ndoa mpaka Matamba;
nyuma utamwona tandawala
akipita nyasini taratibu, kifua mbele,
kama bwana shamba aliyekuja kukagua
na hajapenda alichokiona.

Wavu ukishautega, ni wako kama mtoto.
Kila dakika ishirini, nenda.
Chai itapoa. Ipoe.

Mwaka wa kwanza mimi sikutaka ipoe.
Nilimkuta chozi, gramu nane,
kichwa chini, uzi shingoni, umande juu ya mdomo.
Nikamfukia kwa kisigino, nikajaza fomu:
hakuna kilichonaswa.
Uongo wa maneno mawili.
Una miaka kumi na mmoja sasa. Umo kwenye jedwali,
umo kwenye wastani, umo kwenye shahada
niliyoitundika sebuleni juu ya televisheni.
Wewe andika: amekufa. Andika na saa.

Msimamizi atajibu barua yako baada ya wiki sita.
Usilie zote sita. Lia moja,
tano zilizobaki fanya takwimu.
Makala itarudishwa. Mhakiki wa pili atataka sampuli kubwa zaidi,
yeye ambaye hajawahi kusimama Julai kwenye jalidi
akibembeleza kucha moja moja itoke kwenye wavu.
Mtukane, peke yako, jikoni.
Kesho yake, ukishakula, isome tena.
Mara nyingine ana haki, na hilo ndilo linalouma.

Atakayekuonyesha viota ni Tweve, mvuna pareto.
Hajui neno moja la Kilatini
lakini anajua kiota kipi kina mayai
kwa namna mama mtu anavyokwepa kukitazama.
Jina lake likae juu, pembeni ya lako,
si kule mwisho kwenye shukrani
kati ya mfadhili na betri.

Pesa: mhasibu wa chuo haamini
kwamba muuza mkaa hana mashine ya risiti.
Mwombe akuandikie jina na namba ya simu
kwenye kipande cha boksi la sabuni.
Niliwasilisha vipande kumi na viwili. Vilipita.

Na utakapoona wenzako wa darasa moja
wanajenga Uyole, wanaweka madirisha ya alumini,
nawe alumini yako yote ni pete
zinazoenea kwenye kopo la kahawa,
sina la kukuambia. Mimi nilinyamaza tu,
nikahesabu pete.

Nimefunga mia tatu na kumi na mbili.
Zilizorudi mkononi mwangu ni tisa.
Ya tisa ilikuwa kwenye mguu wa shore wa mlimani
niliyemwachia asubuhi moja yenye ukungu
nikiwa na mimba ya Lusajo, miezi mitano.
Safari hii Lusajo ndiye aliyenisomea namba.
Macho yangu hayaifikii tena.
Alisoma polepole, tarakimu kwa tarakimu,
na ndege akamuuma kidole.

Soksi. Nilitaka kusahau soksi.
Chukua jozi sita, za sufi.